Saladi Iliyoninyang'anya Benchi

Kwa Mhariri wa Ukurasa wa Jikoni,
Gazeti la Jumapili.

Ndugu Mhariri,

Kuhusu: Ombi la kufutwa kwa saladi ya matunda yenye krimu, na mimi kurudishiwa nafasi yangu kwenye benchi

Natumai barua hii itakukuta u mzima wa afya, umeshiba, na hukupika mwenyewe. Mimi ni fundi wa mafriji, mume wa mke mmoja, na msomaji wa gazeti lako tangu lilipokuwa bado linaacha wino vidoleni. Sitakuficha: ukurasa wako wa jikoni sikuwahi kuusoma. Nilikuwa naufungia spana, kwa kuwa ni mpana na hauna habari za mpira ambazo mtu angejutia kuzichafua. Laiti toleo lile nalo ningelifungia spana mapema, leo tusingesumbuana.

Toleo lenyewe ni lile lililobeba kichwa kisemacho: "Saladi tamu ya matunda na krimu kwa wageni wengi: haina moto, haina oveni, haina jasho." Ukaweka na picha ya bakuli la kioo. Wewe uliona umejaza ukurasa, ukaenda zako nyumbani. Mimi huku umenitilia mchanga kwenye kitumbua ambacho nilikuwa nakila kwa amani tangu nioe. Nitaeleza kwa mpangilio, maana nimeambiwa malalamiko yasiyo na namba huishia kapuni.

1. Umeandika "haina moto."

Ili uelewe uzito wa neno hilo, lazima kwanza uelewe utaratibu wa ukweni kwangu. Mama mkwe wangu ana mabinti watatu. Sisi tuliowaoa, yaani mimi na wanyumba wenzangu wawili, mmoja dereva wa lori na mwingine kinyozi, tuna benchi letu. Liko uani, limeegemea ukuta chini ya dirisha la jiko. Siku ya shughuli, mkwe anakaa pale tangu anapofika hadi anapoaga. Sahani ya kuonja chumvi inapitia dirishani na kuanzia kwetu. Nyama ya kwanza kuiva ni yetu. Sharti la benchi ni moja tu: mkwe akiingia jikoni akashika kazi, anahesabika mtu wa jikoni. Atakula na wapishi, wa mwisho, amesimama. Sheria hiyo aliiweka mama mkwe mwenyewe, alipochoshwa na wanaume wanaoingia kufunua sufuria kwa kisingizio cha kusaidia.

Pale benchini mimi nilikuwa salama kuliko wote. Wenzangu walikuwa wakibabaishwa mara kwa mara, huyu akatumwa kuchinja kuku, yule akaitwa kukuna nazi. Mimi kinga yangu ilikuwa ya kitaalamu. Siku za mwanzo kabisa za ndoa nilitangaza kwamba fundi anayeshinda na gesi ya friji hapaswi kukaribia moto, la sivyo yatatokea ya kutokea. Hakuna aliyeuliza ni kitabu gani kimesema hivyo. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Hii yangu nimeitembea tangu nikiwa na nywele nyeusi, na kwa urefu wake nimeridhika kwamba si uongo. Mke wangu alifikia kuwaonya wageni wasiwashe kiberiti karibu yangu.

Kosa nililofanya, na naliandika ili waume wengine wajifunze, ni kutaja sababu. Ningesema siwezi kupika, ingetosha. Lakini nilitaka kuonekana msomi. Sasa sababu ikishatajwa, ipo siku atatokea mtu wa kuiondoa, na mtu huyo ukawa wewe. Mke wangu alipofika kwenye maneno "haina moto", alirudi nyuma mstari mmoja. Akayasoma tena, safari hii kwa sauti. Kisha akaniangalia kama mtu anavyoangalia friji aliyoambiwa ni mbovu, kumbe haikuchomekwa kwenye umeme.

2. Umeongeza, "Kinachohitajika ni friji nzuri na subira."

Ndugu Mhariri, hapa ulikuwa unanisema mimi. Karakana yangu ina mafriji kila ukuta, mengine yamelala chali, mengine yamefunguliwa mgongo, na yaliyopona yanaunguruma mlangoni yakisubiri wenyewe. Mke wangu aliuliza swali moja tu, tena kwa upole, na upole wake ndio ninaouogopa. Aliuliza kama moto unanidhuru, na baridi nayo inanidhuru? Nikajaribu kukohoa. Akanipa maji, tena ya baridi, akaendelea kunitazama.

3. Saladi yako haiharibiki.

Hili ndilo lalamiko langu kubwa upande wa ufundi. Nilikubali kuitengeneza, lakini kwa nia safi ya kuiharibu. Usishtuke, ni mbinu halali na ya siku nyingi. Mwanamume akitumwa kufua, anachanganya shati jekundu na mashuka meupe, hatumwi tena. Akitumwa sokoni, anarudi na nyanya zilizopondeka, akiwa na uso wa mtu aliyejitahidi. Amani inarudi nyumbani.

Basi nikaanza kuharibu. Ulisema matunda yakatwe vipande vinavyolingana; nikakata embe na tufaha hovyo, hiki kikubwa, hiki kidogo. Kumbe ndivyo kila kijiko kinavyopata ladha yake. Ulisema krimu ipigwe mpaka iwe nzito. Nikaipiga kwa hasira, na kumbe hasira ndiyo inayotakiwa. Maziwa matamu ya kopo nikayamimina bila kupima, halafu nikaona umeandika "kadiri ya upendavyo." Mananasi ya kopo nikayatelekeza kwenye chujio nikaenda kupokea simu ya mteja mwenye maneno mengi, nikitumaini yatakauka yawe kama kamba. Kumbe yakishachuruzika maji yote, ndipo krimu inapotulia juu yake na kukataa kuwa uji. Mwisho nikalisahau bakuli kwa makusudi ndani ya friji ya karakana hadi kesho yake. Hapo ndipo nilipojimaliza, kwani kadiri lilivyokaa ndivyo lilivyokolea.

Chakula kisichoharibika ni hatari kwa jamii. Kila pishi la heshima linamwachia mtu mlango wa kushindwa. Wali una kuungua, mchuzi una chumvi, keki ina kudidimia katikati. Wewe umeziba milango yote na madirisha yake.

4. Saladi yako inapendwa na watu wasiopenda kitu.

Shughuli ilikuwa ya kumpongeza mama mkwe kwa kustaafu ukunga. Huyu ni mwanamke aliyewapokea watoto wa mtaa mzima na hajawahi kumsifu mtu mzima hata mmoja. Mimi, tangu siku ya posa, ananiita "yule wa mafriji." Sijawahi kulalamika. Anayeitwa chochote anakula, na mimi nilikuwa nakula vizuri.

Niliweka bakuli pembeni kabisa ya meza, nikalifunika kwa kitambaa, nikakimbilia benchi. Nilijua watu watajaza matumbo kwa wali na bakuli litarudi nyumbani na aibu yake. Shangazi wa mke wangu, ambaye daktari amemkataza sukari mbele ya mashahidi, alichukua kijiko kimoja cha kuonja. Akaendelea kuonja mpaka maua yaliyochorwa chini ya bakuli yakaanza kuonekana. Wengine nao wakaja. Mwonja asali haonji mara moja, na hapo hapakuwa na aliyekusudia kuonja mara moja. Wali ulibaki. Nyama ilibaki! Wapishi waliotoka jasho tangu alfajiri walikuwa wamesimama na miko yao mikononi, wakinitazama kupitia dirishani.

Mama mkwe alikula, akaweka kijiko chini, akauliza nani katengeneza. Mke wangu hakunisonta kwa kidole. Alininyooshea mkono mzima, kama anayeonyesha nyumba aliyojenga. Ndipo mama mkwe akasema, "Mkwe wangu, hebu njoo huku ndani."

Mkwe wangu! Ndugu Mhariri, kuna kitu kilinipanda hapa kifuani, na hadi leo sijajua kama kilikuwa furaha au kiungulia. Miguu ilinyanyuka yenyewe. Nilivuka kizingiti cha jiko bila kufikiri, nikakabidhiwa kisu na papai, na niliporudi uani kuchukua koti langu, dereva alikuwa amenyoosha miguu juu ya nafasi yangu. Sikumlaumu. Sheria ni sheria. Siku hiyo nilikula wa mwisho, nimesimama kati ya sinki na ndoo ya maganda.

5. Saladi yako imeingia kazini kwangu.

Fundi anayejiheshimu hupima friji kwa kuweka kitu ndani. Zamani niliweka chupa ya maji. Siku hizi naweka bakuli, kwa sababu za kitaalamu tu: maji yatapoa hata kwenye friji yenye kigugumizi, lakini krimu itakuambia ukweli. Sasa mteja mmoja, mwalimu mkuu, mtu mzito, alikuja kuchukua friji yake, akaifungua, akakuta bakuli. Nikamweleza kwamba bakuli si sehemu ya friji. Akanijibu kwamba kitu kilichokutwa ndani ya friji yake ni chake, na kama nabisha twende mbele. Nikamwacha aende nalo.

Tangu hapo naletewa mafriji yasiyoumwa. Juzi mtu kaleta friji nzima, inabaridisha kuliko yangu ya nyumbani. Nilipomuuliza ina tatizo gani, alisema tatizo lake ni tupu. Na chini ya kibao changu cha "Fundi Friji", mtu asiye na adabu ameandika kwa chaki: "Njoo na kijiko."

6. Saladi yako imenigombanisha na wanyumba wenzangu.

Habari zikishatoka jikoni hazirudi. Wake zao waliwageuzia kibao siku ileile. Kama yule anayelipuka kwa kiberiti ameweza, ninyi mna nini? Wanyumba walikuja karakana wote wawili kama watu wa mahakama, wakakataa viti. Dereva aliongea kwa niaba ya wote. Alisema, "Umetuuza, mwanyumba. Umetuuza kwa embe." Kinyozi naye, nilipokwenda kunyoa kwake, alinyoa upande wa kushoto akaishia hapo, akasema mkono umechoka.

Hawakupona. Shughuli iliyofuata walilazimishwa kuleta mabakuli yao. Dereva, kwa haraka zake za barabarani, alitia tikiti maji. Tikiti maji, Ndugu Mhariri! Kila mtu anajua tunda lile ni maji yaliyovaa ngozi. Kufika mchana bakuli zima likawa supu, na watoto wakalichota kwa vikombe. Pia alitumia nanasi bichi, si la kopo, na kulilaza ndani ya krimu, likatoka chungu. Kinyozi naye alikata ndizi asubuhi badala ya kuzikata wageni wakiwa wameshakaa, wala hakuzikamulia limau, zikawa nyeusi tii. Krimu yake ilikuwa nyepesi, ina mapovu. Mama mkwe alionja, akamuuliza kwa utulivu kama hii ni ya kula au ya ndevu. Nasimulia haya kwa masikitiko. Sikucheka, isipokuwa kidogo, tena nikiwa nimegeukia ukuta.

Na wao pia walikuwa wameshavuka kizingiti. Wote watatu tukala wa mwisho, tumesimama, hatuangaliani.

7. Saladi yako inahatarisha dunia.

Usidhani natia chumvi. Benchi lile sasa liko wazi. Mara ya mwisho nililiona limepangwa mabakuli yaliyoinamishwa yakauke. Na wewe hujui kazi iliyokuwa ikifanyika pale. Kwenye benchi lile tumefukuza makocha wa mpira na kuweka wengine. Tumejenga barabara, tumeshusha bei ya saruji, tumepatanisha nchi ambazo zenyewe hazina habari kwamba zimepatanishwa. Kazi hizo zinataka watu waliokaa, mikono mitupu, wakisubiri chakula bila kujua kitatoka saa ngapi. Hazifanyiki huku mtu anamenya tufaha. Tufaha linataka macho.

Sasa fikiria wanaume wote wanaosomewa ukurasa wako. Fikiria kila benchi, kila kona ya uani, kila kibaraza, pote patupu, na wanaume wako ndani wanapiga krimu. Nani atabaki nje kusema kwamba dunia imeharibika? Itaharibika kimyakimya, bila hata mtu wa kuisema.

Kwa sababu hizo zote, naomba kwa heshima na taadhima yafuatayo. Kwanza, ufute saladi ile, na utoe masahihisho kwamba matunda yote yalipaswa kuchemshwa kwanza, kwa moto mkali. Ikiwa dhamiri inakusuta kuandika hivyo, basi andika tu kwamba imegundulika mafundi wa friji wasiikaribie. Pili, kila pishi utakalochapa kuanzia sasa liwe na walau hatua moja isiyoelezeka, ile ya "utajua tu ikishaiva", ambayo mtu hawezi kuijua bila kulelewa na bibi yake. Tatu, umwandikie mama mkwe wangu barua fupi kuthibitisha kwamba kuingia kwangu jikoni kulisababishwa na gazeti, hivyo kusihesabiwe. Mimi nataka benchi langu tu. Nataka kukaa, Ndugu Mhariri. Nimesimama vya kutosha, na mgongo wangu hauna vipuri.

Nakushukuru kwa kunisikiliza, nikijua una mengi ya kuyapika na mengine ya kuyapakua. Nisalimie wote hapo ofisini: wapiga chapa, mpiga picha wa mabakuli, mhudumu wa chai, na yule mtu, yeyote awaye, anayekula vinavyobaki baada ya picha kupigwa. Mwambie namwonea wivu. Wasalimie na wa nyumbani kwako. Mke wangu naye anakusalimu sana, na salamu zake zina uchangamfu ambao mimi siuungi mkono.

Ni mimi, niliyesimama,

Fundi Friji

Nyongeza: Nilikuwa nimeshalamba bahasha, ikabidi niifungue kwa mvuke wa birika, na hapo mke wangu akaniona nimeegemea jiko la moto bila madhara yoyote. Hilo tutalizungumza baadaye.

Habari mbili zimenifikia. Ya kwanza, mama mkwe amesikia tunavyosononeka, akaamua kwamba Jumapili ijayo wakwe wote tumesamehewa. Benchi limefutwa vumbi, na limewekewa na mto. Nilifurahi sana, kwa muda wa kutosha kunywa kikombe cha chai.

Ya pili, dereva hakai. Nimeambiwa anajifungia jikoni kwake na bakuli jipya, na kwamba amekutumia wewe maelekezo yake pamoja na picha yake akiwa amevaa aproni. Humo anadai kuwa ni yeye aliyegundua kuchuja mananasi. Ndugu Mhariri, mtu wa tikiti maji! Usiyachape. Mama mkwe husoma ukurasa wako kabla ya kitu kingine chochote, na kwa Jumapili hiyo amesema anataka "saladi ya mkwe wangu" bila kutaja ni mkwe gani.

Kwa hiyo nimemjibu kwamba sitaweza kukaa. Nimeambatanisha maelekezo yangu kamili, kurasa zote mbele na nyuma, pamoja na picha zangu na bakuli. Chagua ile inayoonyesha upande wa kulia, ambao kinyozi hakuufikia. Kama nafasi ya gazeti haitoshi kwa maelekezo na barua hii pamoja, tafadhali barua itupe.